Soketi za Juu na Soketi za Chini

Mwaka wa 1966, nikiwa na miaka kumi, mama yangu alikufa, na moto wa jikoni yetu ukazimika. Shida zangu nazianzia hapo. Baba alikuwa ameenda kutafuta kazi kwenye mashamba makubwa ya ngano upande wa Timau na hatukumwona tena. Kwetu Imenti, huku Meru, siku hizo mtoto alilala jikoni kwa mama yake, kando ya mafiga, mbuzi wakiwa upande ule mwingine. Watu walipotoka kaburini niliingia nikaketi mahali pangu pa kila siku, nikaweka mkono juu ya figa moja. Lilikuwa baridi. Nilikuwa sijawahi kushika jiwe la moto likiwa baridi, hata sikujua kwamba linaweza kuwa hivyo.

Tangu hapo nilikula kwenye milango ya watu. Asiyewahi kula mlangoni hajui. Unasimama, unasalimia, unaulizwa habari ya nyumbani na huna nyumbani, halafu unangoja kuona kama mwenye nyumba atasogea akupe nafasi au atajifanya amesahau kwamba upo. Nilijifunza kujua kwa kuangalia mgongo wa mwanamke tu kama nitapewa kitu.

Shule niliachia darasa la tatu. Mwalimu alikuwa ananichapa kwa sababu ninaandika na mkono wa kushoto, nami nikaona heri mkono huo ubebe ndizi. Sijutii. Nimekaa na watu wenye digrii na sikuona kitu walichonizidi ila maneno.

Nilipotahiriwa, wazee walinifundisha mambo mengi, na mojawapo lilikuwa hili: mwanamume haingii jikoni kwa mwanamke. Chakula kinaletwa. Ukimwona mwanamume anajua chumvi inawekwa wapi, huyo ameanza kupotea. Mimi sheria hiyo haikunisumbua. Jikoni niliyoijua ilikuwa imekufa.

Nilioa msichana kutoka upande wa Embu, karibu na Runyenjes. Mfupi, maneno mengi, kazi nyingi kuliko maneno. Tulihamia Mitunguu wakati ardhi ya huku chini watu waliikimbia kwa sababu ya joto na mbu, kabla ya maji ya mifereji kufika. Kitu cha kwanza nilichojenga kilikuwa jikoni yake. Nyumba ya kulala ilifuata baadaye. Watu walinicheka, mwanamume gani anajenga jikoni kabla ya nyumba? Sikuwaeleza. Nilikuwa nimeapa kwamba katika boma langu moto hautazimika, na yeye aliutunza. Alikuwa akifukia kaa kwenye majivu jioni na asubuhi analifufua kwa pumzi yake. Nikitoka sokoni na mkokoteni, nilipofika kwenye kona ya barabara nilikuwa naangalia paa kwanza. Nikiona moshi unapenya kwenye mabati, mwili wangu unatulia.

Moshi huo niliokuwa naupenda ndio uliomwua. Nasema wazi tu, sina namna nyingine ya kulisema.

Kikohozi kilianza kidogo kidogo kikakaa. Akawa hawezi kupanda kutoka mtoni bila kukaa chini njiani. Binti yetu, ambaye anafanya kazi ya ofisi Embu mjini, alimpeleka hospitali huko. Niliambiwa kwenye simu kwamba daktari amesema kifua chake ni kama cha mtu aliyevuta sigara maisha yote. Mke wangu hajawahi hata kushika sigara. Ni kuni. Daktari akasema asikae tena kwenye moshi, na binti akambakiza kwake kwa matibabu.

Nikasema sawa. Nitamtengenezea jikoni ya stima. Akirudi apate mahali pasipo na moshi, apone. Hilo tu ndilo nililokuwa nalo akilini. Nilidhani mtu ukishamtoa kwenye moshi anapona, kama vile mche ukiutoa kivulini.

Jikoni ile ya zamani ilikuwa ya matofali, imara, sikuona sababu ya kuibomoa. Niliwaambia vibarua watoe mafiga wayaweke chini ya mparachichi, wafanye sakafu ya saruji, waweke sinki, watengeneze kaunta ndefu. Halafu nikaita fundi wa stima. Binti yangu ndiye aliyemtafuta, mtu wa Embu vilevile, mnene, anayeongea akiwa anafanya kazi na anaongea zaidi akiwa hafanyi.

"Mzee," akaniambia, "stima ya jikoni inapangwa kabla ya plasta. Ukimaliza kupaka rangi ndio ukumbuke friji, tutapasua ukuta tena na utalia."

Akanieleza. Jiko la stima linataka waya wake peke yake, nene, kutoka kwenye kisanduku kikubwa moja kwa moja, pamoja na swichi yake nyekundu. Soketi zikae mbali na sinki kwa sababu maji na stima havijawahi kuelewana. Taa isiwe katikati ya chumba tu, iwe pia juu ya mahali pa kukatia, la sivyo mama atakuwa anakata mboga kwenye kivuli chake mwenyewe. Chini ya ardhi azike chuma cha kupeleka stima udongoni ikiteleza. Nilielewa yote. Mimi nimechimba mifereji, najua kitu kinachotiririka lazima ukipe njia.

"Sasa niambie, mama anasimama wapi akikata sukuma? Birika itakaa wapi? Mlango wa friji ufunguke upande gani?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na fimbo yangu. Nikaangalia ndani. Sikujua. Tangu awashe moto mle, miaka yote ile ya ndoa, sikuwa nimepita kizingiti. Nilikuwa najua kila mgomba wa shamba langu, upi umezaa na upi una ugonjwa, lakini sikujua mke wangu anakatia mboga wapi.

Nikainua fimbo. "Weka hapo. Na hapo. Na pale."

"Ingia basi tuone pamoja."

"Naona vizuri kutoka hapa."

"Kwani ndani kuna nyoka?"

"Nyinyi watu wa Embu mlipeleka wapi mila?"

"Tuliziuza Meru, mzee. Mkanunua zote, hata mabaki."

Nilicheka, lakini sikuingia. Akafuata fimbo. Mimi nilikuwa naonyesha ukuta unaotazamana na mlango, kwa sababu huo ndio nilikuwa nauona vizuri. Akachora, akapasua, akalaza paipu za plastiki ndani ya ukuta, akaacha visanduku vya soketi vimejipanga kwa mstari kama wanafunzi kwenye gwaride. Nikasimama mlangoni nikajivuna.

Mke wangu akaletwa na binti yetu mwanzoni mwa kiangazi. Alikuwa amepungua sana, kitenge kimemzunguka kupita kiasi. Kabla hata ya kuketi, akasema anataka kuona jikoni. Akaingia, akaangalia, akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akashikilia kaunta, na kikimwachilia anacheka tena.

"Baba yao, hii ni jikoni ya kutazamwa na wageni! Soketi zote umeziweka mahali unaziona ukiwa nje. Hapa kwa kukatia hakuna hata moja. Mimi nitapika nikiwa nimesimama mlangoni kama wewe?"

Fundi alikuwa pale, akajifanya anatafuta bisibisi.

"Nilifuata fimbo, shosho," akasema, akimwita kama nyanya yake. "Fimbo haikuingia ndani."

Mke wangu akatoka polepole mpaka chini ya mparachichi, akaokota kipande cha mkaa kilichokuwa kimebaki kati ya mafiga, akarudi nacho.

"Ingia," akaniambia.

"Unajua mimi siingii."

"Mafiga yako nje pale, unayaona. Hiki ni chumba chenye kuta nne. Ingia, nimechoka kusimama."

Nikaingia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa ndani ya jikoni tangu ile ya mama yangu. Juu ya kuta matofali yalikuwa meusi bado, na ile harufu ya moshi ilikuwa imekaa mle kama mtu wa nyumbani. Nasema ukweli, nilitaka kuketi chini pembeni.

"Simama hapa," akasema. "Jifanye unaweka birika. Nyoosha mkono. Sio huo. Ule unaotumia."

Nikanyoosha mkono wa kushoto. Akatia alama ya mkaa ukutani mahali vidole vyangu vilipogusa. Akanisogeza. "Hapa ni pa kukatia. Nyoosha." Alama nyingine. "Friji ikae kule, mlango ufungukie huku, usiwe unaupita ukizunguka. Nyoosha." Akawa anazunguka nami hivyo, anapumua kwa nguvu, anaandika kwenye ukuta huku ananishika kiwiko kama anayemfundisha mtoto kutembea.

Fundi akakuna kichwa. "Shosho, wewe hapo hutafikia bila kupanda kiti."

"Wewe endelea na bisibisi yako."

Hapo na mimi nikaona. Alama zote zilikuwa upande wa mkono wa kushoto, na yeye ni wa kulia. Zote zilikuwa juu, na kichwa chake kinanifika kifuani.

"Hizi alama si zako," nikamwambia.

"Najua."

"Sasa ni za nani?"

"Za atakayebaki."

Fundi akaweka vifaa chini akatoka nje.

"Daktari alisema nini?" nikauliza.

"Alisema mapafu yamekwisha. Kutoka kwenye moshi ni vizuri, lakini yaliyokwenda hayarudi. Binti yako alikuwa anasikia. Nilimkataza kukuambia. Nilisema nitakuambia mwenyewe, na sasa nimekuambia." Akajifuta mkaa kwenye kitenge. "Wewe hujui hata chumvi inakaa wapi. Mimi nikienda utakula wapi? Utarudi kwenye milango ya watu?"

Hilo nilikuwa nimemwambia mara moja tu, tukiwa vijana. Mambo ya utoto wangu sikuwa nayazungumza. Alikuwa amelishika miaka yote hiyo.

Nilitoka nikaenda shambani. Nikafungua maji kwenye mfereji nikanywesha migomba ambayo ilikuwa imenyweshwa asubuhi. Nilisimama kwenye tope nikiwa na viatu vizuri. Kama kuna mtu angepita na kunisalimia ningempiga, sijui kwa nini, ningempiga tu.

Niliporudi fundi alikuwa ameketi kwenye ndoo nje ya mlango na mke wangu kwenye kiti ndani.

"Mzee, nikate wapi?"

Niliingia bila kuambiwa, nikachukua kile kipande cha mkaa, nikamwambia mke wangu, "Simama. Nyoosha mkono wako."

"Wewe mzee ni mkaidi."

"Nyoosha."

Akanyoosha. Nikaushikilia mkono wake na wangu nikatia alama pale ulipofika. Chini ya kila alama yangu nikaweka yake. Nikamwambia fundi, "Kata hizi za chini."

"Fundi, kata za juu," akasema yeye.

"Za chini!"

"Za juu!"

Fundi akasimama katikati ameinua mikono. "Hapa Meru mnawaka haraka kuliko stima. Sasa mimi nikate nini? Nikate shingo yangu?"

"Kata zote," nikasema.

"Zote? Mzee, hata hoteli hazina soketi hivyo."

"Kata zote."

Mke wangu akavuta kiti chake karibu. Kisha akaketi. "Haya," akasema. "Kata zote, mwanangu. Na hizi za gwaride uzizibe, zinaniaibisha."

Fundi alizifanya. Safu ya juu na safu ya chini, zote mbali na sinki, swichi nyekundu ya jiko peke yake pembeni, taa moja katikati na nyingine juu ya pa kukatia. Wageni wanaoingia leo wanauliza kwa nini soketi zimepandana hivyo. Nawaambia ndivyo tulivyotaka.

Siku stima ilipowashwa, yeye ndiye aliyebonyeza, soketi ya chini. Birika ikaanza kunong'ona. Tukanywa chai mle mle ndani, mimi nikiwa nimesimama kwa sababu sikujua mtu anaketi wapi jikoni.

"Chai haina ladha ya kitu," akasema.

Ilikuwa kweli. Maisha yetu yote tulikuwa tumekunywa chai yenye moshi, na hatukujua kwamba ule ulikuwa moshi.

Kitu kingine sikumwambia. Jioni moja nikitoka Mitunguu sokoni, nilifika kwenye ile kona nikaangalia paa kama kawaida. Hakukuwa na moshi. Nilijua kuna stima, nilijua yuko ndani na chakula kiko, lakini nilitembea haraka mpaka karibu nikimbie, mzee mzima, mpaka nilipomwona mlangoni.

Maana sasa yeye ndiye aliyekuwa anakaa mlangoni. Kusimama kulimshinda. Akachukua kiti na fimbo yangu, akawa ananifundisha kutoka pale, anaonyesha na fimbo.

"Hiyo ni sukari. Chumvi ni ile ya kifuniko cha bluu."

"Punguza moto. Zungusha kile kidude. Upande ule mwingine, mzee, unataka kutuchoma?"

"Mukimo hausongwi kama mtu anayeua nyoka."

Nilijifunza chai, uji, mukimo wa viazi na mahindi ya kuponda, githeri ya mahindi na maharagwe, nduma, ndizi za kupika. Ugali wangu ulikuwa na mabonge, akala. Rika langu mmoja, tuliyetahiriwa naye, alipita siku moja akanikuta nimeinama kwenye sinki naosha sufuria. Akasimama mdomo wazi.

"Kwani umeolewa?"

"Nimeolewa," nikamwambia. "Bwana wangu ni huyo mwenye fimbo."

Mke wangu akamwinulia fimbo. "Na wewe ingia upike, ama uende na njaa yako."

Akaenda. Baadaye nilisikia kwamba ameongea huko kwa baraza ya pombe kwamba nimerogwa na Waembu. Niliwahi kupigana na watu kwa maneno madogo kuliko hayo. Siku hiyo niliona ni kama kuku amelia.

Mvua ilipoanza pumzi zilimpungukia tukampeleka Embu tena. Nilikaa naye siku nyingi, kisha akaniambia nirudi nyumbani, kuna ng'ombe na kuna mtu lazima aangalie friji isije ikazimwa na nyama ioze. Ndilo neno la mwisho aliloniambia, habari ya friji. Binti yangu alipiga simu nikiwa jikoni namenya ndizi. Alisema "Baba," na mimi nikajua. Niliweka kisu chini. Nakumbuka utomvu wa ndizi ulikuwa umeshika vidole vyangu na simu ikawa haitoki mkononi.

Tulimzika hapa nyumbani. Akina mama wa kanisa walipika nje kwa kuni, sufuria kubwa kubwa, boma lote likajaa moshi, na mimi nikakaa upande ambao upepo ulikuwa unauleta. Watu walipokwenda, niliingia jikoni peke yangu. Nikaweka mkono juu ya jiko. Lilikuwa baridi kama lile figa. Nikasimama hapo nikiwa na miaka kumi.

Halafu nikajaza birika maji nikanyoosha mkono wangu wa kushoto, bila kuangalia, na soketi ilikuwa pale pale. Sikuhitaji kuitafuta. Kitaa kidogo chekundu cha birika kikawaka. Nilikililia hicho kitaa kuliko nilivyolia kaburini.

Binti yangu alisema nihamie kwake Embu.

"Nikale kwa mlango wako?" nikamuuliza.

"Si mlango, baba, ni meza," akasema, na machozi yakamtoka. Ni mtoto mzuri. Lakini nilimwambia hapana. Mama yake alinipangia mahali pa kula, na mimi nitakula hapo. Akasema basi angalau tuzibe zile soketi za chini, watoto wake wakija wasije wakaingiza vidole. Tuliafikiana kuzitia vifuniko vya plastiki vinavyotoka. Zina stima bado. Nilimwambia fundi asiikate, na fundi yule anayeongea sana akasema tu, "Sawa, mzee."

Leo nina vitu hivi. Shamba la migomba Mitunguu lenye maji ya mfereji na hati yenye jina langu. Nyumba ya mawe. Ng'ombe wawili wa maziwa na ndama. Mkokoteni wa zamani na pikapu. Binti mmoja na wajukuu. Mafiga matatu chini ya mparachichi. Kaburi moja. Fimbo ambayo inakaa kwenye kiti kando ya mlango wa jikoni. Jikoni ya stima yenye jiko, friji, birika, taa mbili na soketi kumi na mbili. Sita ni za juu, natumia. Sita ni za chini, nazipangusa vumbi.